Kalamu ibaki mkononi mwa mwanafunzi

Tuisheni ya uandishi hupimwa kwa wino mwekundu. Mzazi akifungua daftari akaona kila mstari umesahihishwa, anaridhika kwamba hela yake haikupotea. Lakini wino ule unaonyesha bidii ya mwalimu tu.

Chukua Kwashemshi, wilayani Korogwe mkoani Tanga, kwenye ardhi ya mkonge. Tuseme mtoto wa kidato cha pili amepewa insha juu ya zao hilo. Ataanza kama wenzake nchi nzima: "Mkonge ni zao muhimu la biashara katika nchi yetu." Sarufi haina kasoro, habari ndiyo haipo. Mwalimu mwenye haraka atapiga vema na kusonga mbele, au atatunga sentensi tamu zaidi na mtoto ainakili.

Anayeijua kazi ataweka kalamu chini na kuuliza. Jani linakatwaje? Nani hukata? Mtoto ataeleza kwamba ncha yenye mwiba huondolewa, majani hufungwa matita, maji yake huwasha ngozi, kisha mzigo hupelekwa kwenye mashine ya korona kutolewa singa, yaani nyuzi. "Haya, yaandike hayo hayo." Sentensi itakayotoka huenda ikawa na makosa matatu, ila ni yake, na mwalimu mwenye busara atashughulikia moja au mawili siku hiyo. Mengine yangoje.

Maelezo hayo yaruhusiwe kutoka kwa Kiswahili, au hata Kisambaa, hata pale insha yenyewe inapotakiwa kwa Kiingereza. Kumnyima mtoto lugha anayofikiria, kisha kumlaumu kwamba hana mawazo, ni uonevu.

Msomi wa uandishi Mmarekani, Stephen North, alilitetea jambo hili mwaka 1984: kikao cha mwalimu na mwanafunzi kimtengeneze mwandishi, si karatasi aliyokuja nayo. Tanga ina ushahidi wa karibu zaidi. Mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Zile za 1931 hadi 1958 zimechapishwa kama kitabu. Hazikuandikwa kutafuta maksi. Kulikuwa na msomaji aliyetaka kujua habari, na nafasi hiyo ndiyo mwalimu wa tuisheni anapaswa kuikalia kabla hajawa msahihishaji.

Wapo watakaosema mtihani hausubiri. Ni kweli, na mfumo wenyewe umechangia: tangu 2012, mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa kompyuta na watahiniwa wakawa wanasiliba majibu, kuandika aya nzima kumepungukiwa na heshima shuleni. Hata hivyo insha iliyokaririwa huanguka pale swali linapogeuzwa kidogo.

Ugumu halisi ni muda. Mwalimu mmoja hawezi kukaa na kila mtoto wa darasa lililojaa. Wanafunzi wanaweza kusomeana wawili wawili kwa sauti, kila mmoja akimuuliza mwenzake pale asipoelewa; hilo halina gharama. Tena mjini Korogwe kuna chuo cha ualimu. Walimu tarajali wanapotoka kwa mazoezi ya kufundisha, kila mmoja akabidhiwe wanafunzi wawili wa vijiji kama Kwashemshi na insha moja kwa kila mwanafunzi, waifanyie kazi rasimu hadi rasimu kwa muda wote wa mazoezi, na mkufunzi akija kukagua asome rasimu ya kwanza na ya mwisho pamoja.