Turithi Gitaa, Tusirithi Kaburi

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Jimi Hendrix, mpiga gitaa mashuhuri wa muziki wa roki kutoka Marekani, alichumia juani kwelikweli, lakini kivuli hakukikalia. Alifariki mjini London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 27 tu.

Vijana wenzangu wakimtaja, huwa ni kwa mambo mawili: ati alichoma gitaa jukwaani, na ati dawa za kulevya ndizo zilizompa kipaji. La kwanza ni kweli. Alilichoma katika tamasha la Monterey mwaka 1967. La pili ni uongo mtupu, tena wa hatari, kwa maana wapo wanaoamini kwamba msanii si msanii mpaka avute kitu.

Hebu tutazame. Hendrix alizaliwa Seattle mwaka 1942 katika familia maskini. Utotoni alishika ufagio akijifanya anapiga gitaa. Gitaa lake la kwanza, la dola 5, alilipata akiwa na miaka 15. Kwa kuwa alikuwa mtu wa shoto, alizoea kuligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini na kuzipanga nyuzi upya. Kusoma noti za muziki hakujua. Alisikiliza, akarudia, akarudia tena. Alipotoka jeshini mwaka 1962, alihangaika miaka kadhaa akipiga nyuma ya waimbaji kama Little Richard, yeye mwenyewe hana jina. Mwaka 1966 Chas Chandler akampeleka Uingereza, na watu wakashtuka. Mlio wa spika ambao wengine waliuona kero, yeye aliugeuza muziki. Sasa niambieni, ujuzi huo ulitoka kwenye kidonge gani? Ni jasho, jamani!

Ni kweli dawa alizitumia. Zilimpa nini? Agosti 1970 studio yake mwenyewe, Electric Lady, ilifunguliwa New York. Hata mwezi haukuisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba alimeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akapaliwa na matapishi yake. Studio ingalipo, na wengi wamerekodi humo. Mwenyewe hakuifaidi.

Nanyi walimu wetu, kwa heshima zote, naomba kifo chake kisiwe sababu ya kutuambia kwamba gitaa ni uhuni. Gitaa halikumuua. Ndilo lililomtoa katika umaskini na kumpa sauti inayosikika zaidi ya miaka 50 baadaye. Mwanafunzi anayefanya mazoezi kila jioni hana hata nafasi ya kwenda kujificha nyuma ya mabweni.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukitaka kumwiga Hendrix, usianze na moshi. Anza na ufagio.