Kabla ya gunia, uliza jiko
JICHO LA MENENGAI, na Njeri Wekesa

Vijana wa kujitolea wanaopita mlango kwa mlango mitaa ya Section 58 na Milimani, wakiomba chakula cha kupeleka Rhonda na Kaptembwo, wanastahili pongezi. Nawapa. Ila nina swali: haya mahindi makavu na maharagwe mnayoyabeba kwa magunia, yatapikwa na nini?

Githeri ya mahindi makavu, hata ukiyaroweka usiku kucha, hula makaa saa mbili, tatu. Mama anayefua nguo za watu kwa malipo ya siku, anayenunua makaa kwa mkebe, hana makaa ya saa tatu. Afanyeje? Akipewa gorogoro mbili, moja humuuzia jirani ili apate moto wa kupikia ya pili. Aliyetoa akisikia, hunung'unika kwamba maskini hawana shukrani. Mimi naona mama huyo kapiga hesabu kutushinda.

Sisi hupenda kutoa mahindi kwa sababu yanatufaa sisi: kilo yake ni nafuu, hayaozi, na gunia likisimamishwa mbele ya kamera linajaza picha. Tena ndivyo tulivyozoea kutoa wakati wa maafa, na maafa Nakuru tumeyaona. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho ulijaa wakimbizi wa ndani. Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai. Aprili 2024 maji yaliwakumba watu usiku kule Mai Mahiu. Penye kambi, panaweza kuwa na sufuria moja kubwa na kuni za wote, na hapo gunia lina kazi. Njaa ya Rhonda haina kambi. Imejigawa chumba kwa chumba, kila chumba na kijiko chake cha makaa, na hurudi kila kodi ya nyumba inapolipwa.

Kwa hiyo ombeni unga, mchele, ndengu, mafuta ya kupikia. Atakayetoa pesa ya makaa msimkatalie eti mnakusanya chakula tu.

Benki ya chakula ya kwanza duniani ilianzishwa mwaka 1967 mjini Phoenix, Marekani, na John van Hengel, aliyekuwa akijitolea katika jiko la kuwalisha maskini. Hakuanza kwa kumwomba mtu apunguze chakula chake. Alifuata kile ambacho maduka yalikuwa yakitupa kingali kizuri. Hapa kwetu, Food Banking Kenya hufanya kazi kama hiyo kwa mboga na matunda ya wakulima yaliyokosa soko. Sisi wa Nakuru ndio tungeongoza nchi nzima! Viazi vya Molo, Kuresoi na Mau Narok viko mlangoni petu. Shangi, aina inayopendwa kuliko zote, huchipua upesi ikikaa. Msimu ukifurika bei huanguka, na mkulima huona afadhali aviache shambani kuliko kulipa lori. Viazi havihitaji saa tatu motoni. Mkokoteni mmoja ukipita soko la Wakulima jioni, wachuuzi wakifunga, unaweza kurudi na viazi, kabichi na nyanya za kuliwa usiku uo huo, bila kumgongea mtu mlango Milimani.

Vikavu vitahitaji stoo, na stoo ina ufunguo. Nasikia mapendekezo kwamba ukae ofisi ya chifu au ya mwakilishi wadi. Sina ugomvi na wakubwa hao, lakini orodha ya chakula cha msaada ikipita mezani pa mwenye cheo, huwa na mazoea ya kuota majina. Ningeukabidhi kwa mweka hazina wa chama chochote cha akina mama Kaptembwo. Hao hukumbuka nani alichelewesha shilingi hamsini mwaka juzi, na kisingizio alichotoa.