Karatasi za Kale na Mtoto wa Mafinga

Tangu mwaka 2024 somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika madarasa ya shule za msingi. Jambo hilo ni jema. Lakini somo laweza kupata jina jipya likabaki na mwenendo wa kale. Mtoto wa Mafinga hukariri kuwa Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, kwamba ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, na kwamba alijiua mwaka 1898 asije akakamatwa. Habari hizo ni za kweli. Kasoro ni kuwa mtoto hupewa hukumu bila ushahidi: huambiwa lililotokea, wala haonyeshwi lilijulikanaje. Mtu aliyelelewa hivyo huja kuwa raia asadikiye kila kilichopigwa chapa.

Wanaoutetea mwenendo huo wana hoja tatu. Ya kwanza ni umri. Husema kuwa nyaraka ni chakula cha wataalamu, na kwamba tumbo la mtoto haliziwezi. Na ijaribiwe hoja hiyo kwa waraka mmoja. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, chamtaja Mkwawa kwa maneno machache. Chaagiza kuwa katika miezi 6 tangu mkataba kuanza kutumika, Ujerumani ikabidhi kwa Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika ya Mashariki. Maneno hayo yakiandikwa ubaoni kwa Kiswahili chepesi, mwanafunzi wa darasa la nne hashindwi kuyasoma. Hashindwi hesabu yake pia. Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, Gavana Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Miezi 6 iligeuka miaka 34.

Baada ya hesabu huja maswali, na ni maswali ya watu wazima. Kwa nini mkataba ulitaka fuvu akabidhiwe Mwingereza, wala haukuwataja Wahehe? Nani alimwita Sultani mtu ambaye watu wake walimwita Mtwa? Twining alilichagua fuvu hilo katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kufuata vipimo vya kichwa. Je, vipimo vyatosha kuwa ushahidi? Mtoto aulizaye hivyo ameanza kuwa mwanahistoria. Mwenzake aliyekariri tarehe tu atazisahau mara tu mtihani upitapo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kuwa nyaraka hizo ni maneno ya watawala. Majalada ya Wajerumani yaliyoko katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, yaliandikwa na mshindi kwa lugha yake na kwa haja zake. Ni kweli. Lakini dawa ya ushahidi wa upande mmoja ni kumwita shahidi wa pili, si kumfukuza wa kwanza. Shahidi huyo wa pili yuko nyumbani kwa mtoto: ni babu na bibi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Maji Maji kutoka vinywani mwa wazee, nao wakazipambanisha na maandishi. Njia hiyo ni ile ile darasani. Taarifa ya askari wa Kijerumani juu ya Lugalo iwekwe kando ya masimulizi ya mzee wa Kihehe, kisha mtoto aulizwe yanapopatana na yanapoachana. Hata mnara ambao Wajerumani waliusimamisha huko Lugalo ni waraka wa mawe. Mtoto aulizwe ulijengwa kumkumbuka nani, na nani hakukumbukwa.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba nyaraka zitafukua magomvi. Kweli yapo mambo machungu. Katika vita vya Maji Maji Wahehe wengi hawakuasi, na baadhi yao waliwasaidia Wajerumani. Lakini Wabena wengi walipigana, na Septemba 1905 misheni ya Yakobi ilishambuliwa. Mafinga leo watoto wa Kihehe na wa Kibena huketi dawati moja. Je, wafichwe? Wakifichwa na mwalimu watayasikia jikoni, nusu nusu, pamoja na majivuno au kinyongo. Afadhali wayasome darasani mbele ya mtu mzima, wapate kujua kuwa kila kundi lilichagua kwa hofu na matumaini yake, na kwamba Wahehe walikuwa wamekwisha kuonja kipigo miaka michache tu kabla. Umoja usioweza kustahimili jalada la mwaka 1905 ni umoja dhaifu.

Wala gharama isiwe kisingizio. Kwa kuanza yatosha karatasi moja, ubao, na maswali manne: nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, na ni nini hakukiandika. Mji wenyewe wa Mafinga una ushahidi wake. Ulipata kuitwa John's Corner wakati wa Waingereza; ramani ya siku hizo na ya leo zikitundikwa pamoja, mtoto ataona kwamba mwenye nguvu ya kutawala alikuwa pia na nguvu ya kubatiza. Huko Iringa, mwendo wa kilomita 80 hivi, Boma la zamani la Wajerumani ni makumbusho tangu mwaka 2016.

Lawama kubwa basi haimwangukii mwalimu wa shule ya msingi, mwenye darasa lililofurika na Kijerumani asichokijua. Yawaangukia wasomi wa vyuo vikuu. Wao ndio wapewao kibali cha kufungua majalada, nao huyarudisha kwa watu yakiwa tasnifu za Kiingereza zisizosomwa Mafinga. Kila aandikaye tasnifu juu ya nchi ya Iringa na adaiwe, kabla ya kutunukiwa shahada, ukurasa mmoja wa waraka aliouona, umetafsiriwa kwa Kiswahili na kupelekwa kwa mwalimu wa darasa la nne. Asiyeweza kufanya hivyo, na aulizwe iwapo mwenyewe ameuelewa.