Msanii na Ajira Yake

Ni kasumba mbaya kudai kwamba mtu aliyeajiriwa hawezi kuwa msanii kamili. Mchoraji L.S. Lowry wa Uingereza aliihofu kasumba hiyo hata akaificha kazi yake ya kukusanya kodi za nyumba, aliyoishika hadi kustaafu mwaka 1952. Kumbe kazi hiyo ndiyo iliyomfunza! Alipohamia Pendlebury mwaka 1909, aliuchukia mji ule wa viwanda na moshi. Miaka ya kubisha hodi milangoni mwa wafanyakazi ikampa macho ya kuuona. Jioni alisomea uchoraji, usiku akachora. Uzeeni, mitaa ile ikibomolewa, alichora bahari tupu. Mabwana waliokuwa na kutwa nzima ya kuchora, nani kati yao aliuchora umati utokao kiwandani kama yeye?