Kabla ya Kupanda, Tufunzwe Kushuka

Mhariri, naomba unipe nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili ili nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu Agosti mwaka jana. Najua kurasa hizi zimezoea mashairi, vitendawili na vichekesho, lakini wasomaji wapendwa nivumilieni. Jambo lenyewe ni ile safari ya Mlima Kenya ambayo picha yake imebandikwa nje ya ofisi. Mkiitazama vizuri mtahesabu wanafunzi kumi wakiwa Lenana, meno nje. Tuliondoka hapa Ndabibi tukiwa kumi na wawili. Wale wawili wasioonekana ni mimi na rafiki yangu, ambaye ameniruhusu nisimulie bora tu nisimtaje jina.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho ayapate hapa. Mwanafunzi asipelekwe mlimani kabla ya kufunzwa huduma ya kwanza. Tena si ile ya kunakili ubaoni, bali ya kufanya kwa mikono. Na safari yenyewe iongezwe siku moja, hata kama pesa ni shida.

Kwanza niseme hali ilivyokuwa. Nilipokuwa kidato cha kwanza tulipelekwa Longonot, mlima ambao sisi watu wa Naivasha tunauona kila kukicha hata tunausahau. Una urefu wa mita 2,776 tu. Jua lilikuwa kali, na msichana mmoja akazirai kwenye ukingo wa kreta. Tulifanya nini? Tulimzunguka sote kama watu wanaotazama mchezo. Mmoja akampiga kofi ati aamke. Mwingine akamtia maji mdomoni, ilhali mtu aliyezirai hawezi kumeza na maji yangeweza kumwingia mapafuni. Mungu si Athumani, aliamka mwenyewe. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba angelazwa kwa ubavu, kichwa kikaelekezwa ili koo libaki wazi, na watu wakasogea apate hewa. Tulirudi nyumbani tukicheka.

Sasa nije Mlima Kenya. Tulipitia lango la Sirimon. Kiongozi wetu wa mlimani alikuwa mzee mmoja mkimya ambaye sisi sote tulimwita Guka. Yeye ndiye mwalimu ninayemzungumzia hapa, ingawa sidhani amewahi kushika chaki. Kila tulipopumzika alikuwa akimnyooshea mmoja wetu kidole na kusema, "Huyu amevunjika mguu. Mna nini?"

Mara ya kwanza tulimjibu, "Hatuna kitu, Guka."

"Hamna kitu? Na hizo sweta? Na hizo kamba za viatu? Na huo mti?"

Basi tukajifunza kuufunga mguu kwa fimbo mbili, sweta zikiwa katikati zisimuumize mgonjwa, tena tufunge juu na chini ya palipovunjika, si penyewe. Tukajifunza kutengeneza machela kwa magunia mawili yaliyotobolewa pembe za chini, kisha miti miwili ikapitishwa ndani. Magunia, bwana! Sisi wa Ndabibi tuliozaliwa kati ya magunia ya mahindi na viazi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba gunia hubeba mtu. Kuhusu damu alisema neno moja: bana. Bana kwa kitambaa safi, bana kwa nguvu, wala usifunue kila dakika kuchungulia kama imeacha. Akatufundisha na habari ya baridi. Aliyenyeshewa avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, awekewe kitu chini asilale kwenye udongo, na kama yu macho kabisa apewe chai ya moto yenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, na pombe asionjeshwe.

"Anayetetemeka bado anapigana," alisema Guka. "Ogopa yule ambaye ameacha kutetemeka na bado ni baridi, ulimi umekuwa mzito na anajikwaa."

Usiku wa kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300 hivi. Siku ya pili tulitembea kutwa nzima, tukavuka mabonde, tukapita ile mimea mikubwa ya ajabu kama kabichi zilizowekwa juu ya nguzo, mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200. Hapo pimbi wanakuja kukuomba chakula bila haya. Ni mahali pazuri, sitaki kudanganya. Lakini hesabuni: ni mita 900 kwa siku moja. Ushauri wa wajuzi wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na ukilazimika kupita hapo ukae siku moja mwili uzoee. Sisi hatukukaa. Safari ilikuwa ya siku nne kwa sababu kila siku mlimani ina malipo yake, ya lango, ya kambi, ya kiongozi, na harambee yetu ilikuwa imefikia hapo.

Wengi hudhani huko juu oksijeni imeisha. La, sehemu yake katika hewa ni ileile, kama moja kwa tano. Kinachopungua ni kanieneo, ile tuliyosoma katika fizikia, ndiyo maana kila pumzi huingiza kidogo. Ziwa letu la Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukifika Lenana, mita 4,985, kanieneo ya hewa imekuwa kama nusu tu ya ile ya Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Ukinyimwa muda kichwa kinauma, chakula hakitakiwi, unatapika, usingizi unakataa. Hayo ni mwanzo. Yakizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na mtu huanza kuyumba kama mlevi. Hapo hakuna bendeji. Dawa kubwa ni kushuka, na kushuka mara moja.

Rafiki yangu aliumwa na kichwa tangu asubuhi ya siku ile ya pili. Mimi nilijua. Aliniomba Panadol mbili nikampa, na baada ya chakula cha mchana, ambacho hakukigusa, akaniomba nyingine. Aliniambia, "Usiniseme. Baba ameuza kondoo wawili ili nije hapa." Nami nikanyamaza. Nilijiona rafiki mwema kwa kunyamaza! Guka alituuliza sote jioni, mmoja mmoja, "Kichwa je?" Rafiki yangu akasema kiko sawa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikatazama viatu vyangu.

Kama saa tatu za usiku nilimsikia akitapika nje ya banda. Nilitoka na tochi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe bila kofia, nilipomsemesha akanijibu kitu kuhusu ng'ombe. Ng'ombe! Ndipo nilipokimbia kumwamsha Guka. Guka hakuuliza maswali mengi. Alichora mstari kwa fimbo akamwambia, "Mjukuu wangu, tembea hapa, kisigino kiguse kidole." Hatua ya tatu akaanguka upande.

"Tunashuka," Guka akasema. "Sasa hivi. Nani anamsindikiza?"

Wasomaji, kimya kilichofuata nakikumbuka mpaka leo. Saa tisa za usiku kikundi kingeondoka kwenda kileleni ili wafike jua likichomoza. Kila mtu aliyekuwa ndani ya lile banda alikuwa amelipa, amefanya mazoezi kwenye Longonot na milima ya Eburru, ameahidi nyumbani kwamba atafika. Hata mimi nilikaa kimya kidogo. Halafu nikanyosha mkono, na tafadhali asiniite mtu shujaa, maana ilikuwa ni aibu iliyoninyosha. Ningesema asubuhi, angepumzika mapema au angeshuka mchana kwa miguu yake.

Mwalimu na msaidizi wa Guka walibaki na wale kumi. Sisi tukashuka, Guka upande huu, mimi upande ule, mgonjwa katikati. Tuliteleza, tukaanguka, niliwahi hata kulia gizani nikashukuru hapakuwa na mwanga. Lakini jambo la ajabu ni hili: kila tulivyozidi kushuka ndivyo alivyozidi kurudi. Baada ya saa nyingi alisimama akasema, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "Nina njaa." Guka alicheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Tulifika Old Moses karibu na alfajiri, na kulipopambazuka tuliuona mlima wote, mweupe pale juu, na sisi tuko chini yake.

Jumatatu moja baada ya shule kufunguliwa, majina ya waliofika kileleni yalisomwa gwarideni. Walipewa vyeti, wakapigiwa makofi. Nami nilipiga. Sina kinyongo na wale kumi, walijitahidi kwelikweli. Ila nauliza: cheti kile kilikuwa cha nini? Ikiwa anayefika ndiye anayeitwa mbele, basi mwaka huu mwanafunzi atakayeumwa kichwa ataficha tena, na rafiki yake atamfichia. Tunawafundisha wenyewe kuficha.

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuwa Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu kileleni usiku wa Uhuru, Desemba 1963. Ni jambo la fahari. Lakini mlima huo una hadithi nyingine ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Mnamo Septemba 1970 vijana wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, wote watu wa udaktari, walikuwa karibu na Batian, kile kilele cha mita 5,199. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka, mfupa wa mguu ukavunjika na kutokeza nje. Mwenzake alimzuia kwa kamba, akamfunga jeraha, akamwachia chakula kidogo walichokuwa nacho, akateremka majabali peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kurudi kwake. Ilichukua zaidi ya juma moja kumshusha. Walikuja wapandaji wa Mountain Club of Kenya, na wengine wakasafiri kwa ndege kutoka Austria. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka katika uokoaji huo. Judmaier aliishi. Oelz baadaye akawa bingwa wa utafiti wa maradhi haya haya ya milimani. Mimi nikiisoma hiyo huwa najiuliza ni nani katika darasa letu angejua la kufanya katika saa moja ya kwanza, achilia mbali juma zima.

Najua nitajibiwa: KWS ina kikosi cha uokoaji Mlima Kenya, viongozi wapo, sisi ni wanafunzi na mtihani uko mbele yetu, huduma ya kwanza haimo katika KCSE. Sawa. Lakini kikosi hakilali ndani ya banda letu, na Guka hakuwa ameambiwa. Aliyejua ni mimi. Isitoshe, hatari haziko Mlima Kenya peke yake. Hapa hapa jirani, katika korongo la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu saba waliokuwa matembezini mwezi Septemba 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe uko kwenye jua, na maji yakaja. Kujua kutazama mawingu ya upande wa pili na kutoka korongoni mapema, hiyo nayo naihesabu kuwa huduma ya kwanza.

Na tukirudi nyumbani? Mwezi wa Novemba mtoto wa jirani alimwagikiwa na uji wa moto mkononi. Nyanya yake, ambaye namheshimu sana, alikuwa tayari na dawa ya meno. Nikamwomba, "Shosho, ngoja kwanza," nikaushika ule mkono chini ya mfereji wa tangi, dakika ishirini nzima, mtoto akilia na nyanya akinitazama kama mwizi wa maji. Kisha tukaufunika kwa kitambaa safi, wakampeleka zahanati. Mnajua barabara zetu mvua ikinyesha, pikipiki zenyewe hukwama. Mtu wa huku anakaa muda mrefu na maumivu yake kabla ya kumwona daktari, na katika muda huo aliye naye ni jirani tu.

Kwa hivyo ombi langu kwa chama cha safari na kwa walimu wetu si kubwa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza, waalikwe Jumamosi mbili tatu kabla ya safari. Mazoezi yafanyiwe Eburru, kukiwa na mvua na ukungu, na magunia yabebwe. Kila jioni mlimani kila mtu aulizwe habari ya mwenzake, maana habari yake mwenyewe ataficha. Na anayeshuka na mgonjwa jina lake lisomwe gwarideni pamoja na wengine.

Rafiki yangu alipofika kwao, baba yake alimwuliza, "Sasa kondoo wangu walifika wapi?" Akamjibu, "Shipton, Baba." Mzee akafikiri kidogo, akasema basi walifika mbali kuliko kondoo wote wa Ndabibi.

Tangazo la safari ya mwaka huu tayari liko ubaoni. Limeandikwa siku nne. Nimeandika jina langu, na kando yake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika: tano.