Hekaya ya Kibo na Mawenzi si adui wa imani

Ndugu msomaji, wapo wazazi wa Kiislamu wanaowakataza watoto kusikiliza ngano za mababu, kwa hofu kwamba ndani yake mna ushirikina. Hofu hiyo ina msingi, kwani itikadi ni jambo zito. Hata hivyo, kukataza kila ngano ni kuchoma shamba kwa sababu ya magugu.

Tuitazame hekaya mashuhuri ya Uchagani. Wazee husimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kuomba kaa kwa jirani yake Kibo. Aliporudi kuomba tena na tena, Kibo alighadhibika akampiga kwa mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kupasuka-pasuka. Wataalamu wa miamba hueleza vingine: Mawenzi, chenye mita 5,149, ni volkano iliyokufa na kumomonyoka, na Kibo, chenye mita 5,895, ni changa zaidi. Mtoto hataabudu mlima kwa kusikia kisa hicho. Atabaki na swali: jirani akiombwa moto mara ya tatu, afanye nini? Suratul-Maun inaligusa jambo hilohilo, kwani inawalaumu wanaozuia hata msaada mdogo.

Lugha yetu nayo imejaa mifano ya namna hiyo. Mjanja hufananishwa na sungura, mlafi na fisi. Abunuwasi wa hekaya zetu ametokana na Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid. Kwa Firauni tumepata neno ufirauni. Asiyevijua visa hivi hutamka maneno asiyoujua mzizi wake.

Lililo wajibu ni kupambanua. Visa vya Mitume katika Qur'ani ni haki na kweli. Ngano ni mfano tu, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Matambiko kwa mizimu tuyaache. Lakini jani la isale, ambalo Mchagga humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi, likibaki kuwa ishara ya suluhu tu, lina ubaya gani?

Basi leo baada ya Isha, mwombeni bibi asimulie, kisha wazazi waeleze lipi ni mfano na lipi ni itikadi. Bibi akizikwa na ngano zake, hatutakuwa na jirani wa kumwomba kaa.

Wallahu a'lam.