Zimeni Taa za Chuo, Friji ya Chanjo Msiiguse

Vyuo vinapofungwa kwa likizo ya Desemba, agizo la wakuu aghalabu huwa moja: umeme uzimwe. Ni agizo la busara. Hakuna haja ya taa kuwaka katika madarasa matupu kwa majuma kadhaa, wala ya kompyuta na mashine za kuchemshia maji kunyonya stima itakayolipiwa kwa karo ya wanafunzi. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, wanajua stima si kitu cha kuchezewa.

Hata hivyo, nikiwa daktari katika mtaa wa Umoja, nawasihi wakuu hao wasiteremshe swichi kuu kabla ya kujua inalisha nini. Huku Eastlands, baadhi ya vyuo vimepanga orofa katika majumba yenye maduka na zahanati. Vyuo vikubwa navyo vina zahanati zao wenyewe. Humo mna friji yenye chanjo na insulini, na friji hiyo haina likizo.

Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Chanjo ya surua na ile ya polio ya matone huharibiwa upesi na joto. Chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B huvumilia joto kiasi, lakini zikiganda haziponi. Kwa hivyo friji iliyozimwa huleta hasara mara mbili: kwanza joto likizoni, kisha chuo kikifunguliwa mtu huizungusha swichi yake hadi mwisho ili ipoe haraka, na chanjo zikaganda.

Ubaya ni kwamba chupa iliyoharibika yaweza kufanana kabisa na iliyo nzima. Chanjo nyingi za watoto zina alama ya mraba inayogeuka rangi zikipata joto, lakini alama hiyo haionyeshi kuganda. Mwanafunzi wa uuguzi huchomwa sindano ya homa ya ini, akaenda wodini akiamini amekingwa, kumbe mkono mtupu. Mgonjwa wa kisukari naye hujidunga insulini iliyopungua nguvu, sukari ikapanda, akashangaa kosa lake ni lipi.

Dawa ya haya si ghali. Wiki moja kabla ya kufunga, fundi wa umeme na muuguzi wapite pamoja chumba baada ya chumba. Friji za kantini zimwaguliwe, zisafishwe, zizimwe na milango iachwe wazi zisiote ukungu. Friji ya zahanati ipewe laini yake ya umeme na kibandiko chekundu kisemacho “Usizime”, na mtu atajwe kwa jina wa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, Krismasi ikiwemo. Chuo kisichoweza hilo kihamishie dawa hizo kituo cha afya kinachofanya kazi, ndani ya sanduku baridi, zikitengwa na barafu isizigandishe. Na friji ikipatikana imezimika, dawa zisitumiwe hadi mfamasia azikague.

Shilingi zinazookolewa kwa kuzima taa za madarasa ni halali. Zinazookolewa kwa kuzima friji ya dawa hulipwa baadaye na mgonjwa, tena kwa riba.